Siku Niliyokosea Kuhusu Froome

Wiki hii nina deni la kulipa. Mwezi Mei 2018 niliwaambia hapa hapa redioni kwamba Chris Froome amekwisha. Siku chache baadaye alinifunga mdomo, na baadhi yenu hadi leo mkinikuta stendi mnanikumbusha. Basi nisimulie kisa chenyewe.

Sababu nilikuwa nazo. Mbio za baiskeli za kuzunguka Italia, Giro d'Italia, mwaka ule zilianzia Jerusalem, na Froome alianguka akiwa anaikagua njia, hata kabla mbio hazijaanza. Milimani akawa anaachwa. Kweli alishinda juu ya Zoncolan, lakini kesho yake akaachwa tena. Kufikia hatua ya 19, tarehe 25 Mei, Simon Yates wa Uingereza ndiye aliyevaa jezi ya waridi ya kiongozi. Froome alikuwa wa nne, dakika 3 na sekunde 22 nyuma.

Njiani siku ile kulikuwa na mlima uitwao Colle delle Finestre. Kuupanda tu ni kilomita 18 na nusu, na kila mita 100 unazokwenda unainuka mita 9 hivi. Kilomita karibu 8 za mwisho hazina lami, ni changarawe tupu, hadi kileleni, mita 2,178 juu ya bahari.

Timu yake, Sky, ikakaza mwendo. Yates akakatika mapema. Jioni alifika zaidi ya dakika 38 nyuma ya mshindi. Kwenye changarawe, zikiwa zimebaki kilomita 80, Froome akaondoka peke yake. Kilomita 80! Nilimwambia fundi mitambo wetu: huyu nusu saa nyingi, atanaswa. Hakunaswa.

Watu husifu miguu yake, lakini mimi nasifu pia hesabu. Timu ilikuwa imewapanga watu wake kando ya barabara wakiwa na maji na chakula, ili asibebe mzigo. Huko nyuma, Tom Dumoulin wa Uholanzi na wenzake walipunguza mwendo kwenye mteremko wakimsubiri msaidizi wa Thibaut Pinot. Nao López na Carapaz, waliogombea jezi ya vijana, kila mmoja alimchunga mwenzake, kazi ya kuvuta kundi wakawaachia wengine. Froome akafika Jafferau, juu ya Bardonecchia, dakika 3 mbele ya Carapaz na dakika 3 na sekunde 23 mbele ya Dumoulin. Jezi ya waridi ikawa yake, na siku mbili baadaye akaimaliza Giro mjini Roma akiwa mshindi kwa sekunde 46.

Wako walioniandikia kwamba nisimsifu. Wakati ule alikuwa na kesi: kipimo cha Septemba 2017, katika mbio za Hispania, kilionyesha salbutamol, dawa ya pumu, kupita kiasi kinachoruhusiwa. Kesi ilifungwa tarehe 2 Julai 2018 bila adhabu. Siwalaumu wenye shaka. Ujanani nilimshangilia Lance Armstrong hadi sauti ikanikauka, na mwaka 2012 akavuliwa mataji yake yote 7 ya Ufaransa. Aliyeumwa na nyoka, jani likimgusa hushtuka. Lakini ushahidi mwingine dhidi ya Froome mimi sina, na kumhukumu mtu kwa minong'ono ya kijiweni siwezi.

Mwingine aliuliza: je, ni wetu? Alizaliwa Nairobi mwaka 1985, mbio akafundishwa na David Kinjah huko Kikuyu, na mwaka 2006 alivaa rangi za Kenya kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola, Melbourne. Mwaka 2008 akahamia leseni ya Uingereza. Kwa hiyo kikombe ni chao, sibishani. Ila ile changarawe, ndugu zangu, sidhani ilimtisha mtoto wa njia za Kikuyu.

Deni nimelipa. Tukijaliwa, tukutane wiki ijayo saa ile ile.