Kwa nini hatukupanda maboga



Mwaka jana tulitaka kukodi kiwanja penye ghala la zamani la dawa za wadudu, tupande maboga. Kodi ilikuwa rahisi, na wengi wetu tulishakubali. Lakini tukauliza kwanza.

Kule Vikuge, Kibaha, dawa za msaada kutoka Ugiriki, zilizoletwa 1986, zilimwagika ardhini. Miaka mingi baadaye wataalamu waliikuta DDT ingalimo. Na boga, jamani, mizizi yake huivuta DDT kuliko mimea mingi! Kwa kusafisha udongo linafaa, lakini mmea wenyewe hautiwi chunguni wala hapewi mbuzi.

Vijidudu vya udongoni navyo huzila dawa, na samadi huvipa nguvu. Malathion huivunja kwa siku au wiki chache tu. DDT huwashinda hata miaka kwa miaka.

Basi kodi hatukulipa, fedha zimo sandukuni. Ila watoto bado wanacheza pale ghalani. Bwana Sheha, kwa kuwa leo uko nasi, tunaomba pazungushiwe ua kabla ya masika. Miti tutatoa sisi.