Muuguzi Amuulize Mzee Alikuwa Nani

Hotuba za Septemba 21, Siku ya Alzheimer Duniani, mmezisikia, na hatutazirudia hapa. Mmesikia pia kwamba mpango wa Shirika la Afya Duniani kuhusu demensia, ule wa 2017 uliotakiwa kukamilika 2025, umesogezwa hadi 2031. Linalotukera sisi ni kwamba katika hotuba hizo muuguzi hakutajwa. Kwenye vituo vyetu vya afya lipo dirisha la wazee, na ukutani pameandikwa kwamba mzee apishwe kwanza. Mzee anapishwa, anapimwa presha, anapewa vidonge vyake, anarudi nyumbani. Hakuna aliyemuuliza alikuwa nani.

Swali hilo lina kazi kubwa kuliko linavyosikika. Demensia huanza kula ya karibuni: chai ya asubuhi, jina la mjukuu, njia ya kwenda msikitini. Ya ujanani hukawia kuondoka. Mzee aliyevuka miaka 80 leo alikuwa kijana bendera ya Tanganyika ilipopandishwa Desemba 9, 1961. Ukimuuliza amekula nini leo, unamtia aibu. Lakini kama aliwahi kukata mkonge kule Tanga, mpe kamba ya katani aishike, huenda akaanza mwenyewe habari za kipande na mnyapara. Bibi aliyenyamaza wiki nzima huenda akafungua kinywa kwa kanga ya zamani, au kwa santuri ya Salum Abdallah na Cuban Marimba. Daktari Robert Butler wa Marekani aliandika mwaka 1963 kwamba wazee kuzungumza ya zamani, jambo lililohesabiwa dalili ya kuchakaa akili, ni kazi halali ya mtu anayeyapitia upya maisha yake. Huko ndiko ilikotoka tiba ya kukumbushia enzi. Hapa kwetu, hakuna aliyemuuliza.

Je, inasaidia? Tuseme ukweli wote. Mapitio ya Cochrane ya mwaka 2018 yalikusanya tafiti 22 zenye wagonjwa karibu 2,000, yakakuta faida ndogo, tena zinazotofautiana. Zilizojitokeza zaidi ni katika ubora wa maisha ya wazee waliokuwa kwenye makao. Ireland walichukua makao 18 ya wazee, wakafundisha watumishi wa baadhi yake, wakafuatilia wazee 304. Matokeo ya mwaka 2014, kwa kundi zima, hayakutosha kuthibitisha chochote. Walipotazamwa waliohudumiwa kama ilivyopangwa, tofauti ilionekana. Mtakwimu atatuambia ushahidi wa namna hiyo una udhaifu wake, naye atasema kweli. Sisi tunaona humo jambo tunalolijua mno: mafunzo yasiyofuatiliwa wodini ni semina tu, watu wanasaini posho na kurudi kwenye zamu ileile. Na tusiseme haya ni ya wenzetu. Wilayani Hai, Kilimanjaro, ambako uchunguzi wa mwaka 2010 ulikuta demensia kwa asilimia 6.4 ya watu wa miaka 70 na zaidi, wazee 34 walipewa tiba ya vikundi, ndugu wa karibu wa tiba hii, iliyorekebishwa ifuate mazingira ya kijijini. Ripoti ya mwaka 2017 ilionyesha nafuu ya akili na ya maisha. Ni watu wachache, ndiyo. Lakini ni wazee wetu.

Watasema wauguzi hawatoshi. Hawatoshi kweli, na kilio chao ni cha haki. Lakini mzee lazima aogeshwe, alishwe, abadilishwe shuka, na mazungumzo haya hufanyika humo humo, mikono ikiwa kazini. Watasema kumbukumbu nyingine ni kidonda: Operesheni Vijiji, Mapinduzi ya Zanzibar ya 1964, mtoto aliyezikwa. Hiyo ndiyo sababu ya kufundisha. Muuguzi ajifunze kuuliza bila kutahini, asibishane na mgonjwa, asome uso na kuacha mapema. Watasema basi kazi hii waachiwe ndugu nyumbani. Uingereza walijaribu kuwakutanisha wagonjwa na walezi wao katika vikundi vya kukumbushia, jozi 488, na mwaka 2012 wakaripoti kwamba faida haikuonekana, bali walezi walizidiwa na wasiwasi. Ndugu anahitaji mtu aliyefunzwa wa kumshika mkono, naye yule aliyepo zahanati ya jirani hajafunzwa.

Na kutofunzwa huko kunaua. Usukumani tumezika vikongwe walioitwa wachawi kwa macho mekundu ya moshi wa jikoni. Sasa mfikirie mama anayetoka usiku wa manane kutafuta ng'ombe wa baba yake, ng'ombe waliokwisha miaka sitini iliyopita. Jirani anamwona mwanga. Muuguzi aliyefunzwa angewaita ndugu na jirani mapema akawaambia: huyu ni mgonjwa, yuko utotoni, anatafuta ng'ombe.

Kwa hiyo tunasema wazi. Baraza la Uuguzi na Ukunga, liingizeni somo hili kwenye mtaala, na mwanafunzi apimwe kando ya kitanda cha mzee. Wakuu wa vyuo, msisubiri mfadhili! Waganga wakuu wa wilaya, fuatilieni zamu kwa zamu! Nasi wa redio tusijitoe: santuri na sauti za miaka hiyo zimo kwenye maktaba zetu, zitoke, ziende wodini! Na wewe muuguzi unayetusikiliza ukielekea kazini, chukua faili la mzee wa kwanza utakayemkuta, ongeza ukurasa mmoja. Andika alizaliwa wapi, alifanya kazi gani, rafiki zake walimwita nani, alipenda wimbo upi, na lipi asikumbushwe kamwe. Muulize leo, angali anaweza kukujibu.