Mtumishi wa Afya Anapotoa Taarifa



Wa kwanza kuona kasoro ndani ya zahanati ni mtumishi wake. Yeye ndiye anayejua kwamba dawa zilizopo rafuni zimepita muda, au kwamba mwenzake ameingia zamu akiwa amelewa. Akinyamaza, anayeumia ni mgonjwa.

Mara nyingi hunyamaza kwa sababu anayelalamikiwa ni msimamizi wake. Huhofia kuhamishwa, kunyimwa cheo au kutengwa. Kwa kuitambua hofu hiyo, Bunge lilitunga sheria ya kuwalinda watoa taarifa na mashahidi mwaka 2015. Inamkinga anayetoa taarifa kwa nia njema na kwa sababu za msingi, ikiwemo taarifa ya hatari kwa afya za watu. Haimkingi anayezua uongo kwa makusudi.

Taarifa huanzia kwa Mganga Mkuu wa Halmashauri. Mwenendo wa daktari husimamiwa na Baraza la Madaktari Tanganyika. Wa muuguzi na mkunga, Baraza la Uuguzi na Ukunga Tanzania. Wa mfamasia, Baraza la Famasi. Ubora wa dawa ni kazi ya Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba. Rushwa hupelekwa TAKUKURU, simu 113, bila malipo. Mabaraza yana uwezo wa kuchunguza, kuonya, kusimamisha na hata kufuta jina katika daftari la wanataaluma.

Uwezo huo hauna faida ukichelewa. Mjini Bristol, Uingereza, daktari wa usingizi Stephen Bolsin alianza mwaka 1990 kueleza wasiwasi wake kuhusu vifo vya watoto waliopasuliwa moyo. Upasuaji uliendelea hadi 1995. Baraza la madaktari la huko liliwatia hatiani madaktari watatu mwaka 1998, Bolsin akiwa amekwishahamia Australia. Ripoti ya uchunguzi ya mwaka 2001 ilionesha kwamba kati ya 1991 na 1995 walikufa watoto wachanga 30 hadi 35 zaidi ya waliotarajiwa.

Kwetu ipo changamoto ya ziada. Katika zahanati yenye watumishi wawili au watatu, kuficha jina hakutoshi, kwani kila mtu atakisia ni nani. Kwa hiyo mkaguzi mwenye busara hakagui jambo lililolalamikiwa pekee. Hupitia leja ya dawa, stakabadhi, ratiba ya zamu na usafi kwa pamoja, asitaje kwamba kuna aliyelalamika. Aliyetoa taarifa apewe majibu ya hatua iliyochukuliwa. Na mtumishi akihamishwa ghafla baada ya ukaguzi, mamlaka iliyomhamisha iulizwe sababu.

Ndugu wananchi, nasi tuna wajibu. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Kituo kinachoficha maradhi yake huumbuliwa na vifo vya watu wetu. Katika kamati za vituo na mikutano ya vijiji, tunapopata taarifa, tuache kuuliza kwanza, "Nani amesema?" Tuulize, "Je, ni kweli?", kisha tufuatilie hadi tupate jibu.