Kabla ya Kununua Vitamini kwa Mtoto Mwenye Tiki

(Mazungumzo ya muuguzi mstaafu na vikundi vya kujisaidia, siku ya afya ya mtoto)



Nimeombwa nizungumze juu ya vitamini za watoto. Wacha nianze na jambo lililonifanya nikubali. Mama mmoja wa kikundi chetu aliomba mkopo wa shilingi elfu sita. Tulipomwuliza ni wa kazi gani, alinyamaza kwanza, halafu akasema ni wa mikebe mitatu ya vidonge vya mtoto. Kijana wake ana miaka minane. Anapepesa macho, anatikisa kichwa kama anayefukuza nzi, na siku hizi anaguna darasani. Mwalimu humtoa nje akidhani ni utundu. Majirani wanasema ni mapepo. Aliyekuja na mikebe akasema kijana amepungukiwa na magnesiamu, zinki na vitamini B6. Katika hao wote, muuzaji peke yake ndiye aliyemsikiliza mama mpaka mwisho, basi akaaminiwa. Simlaumu huyo mama hata kidogo.

Hali hii madaktari huiita tiki. Si ile tiki ya mwalimu kwenye daftari! Ni mwendo wa mwili au sauti inayokuja ghafla na kujirudia bila mtoto kupenda. Anaweza kuizuia kwa muda, kama mtu anavyozuia chafya, halafu ikatoka. Ndiyo maana watu husema, "Mbona mbele ya wageni alitulia? Huyu anajifanya." Hajifanyi. Mtoto akiwa na tiki kadhaa za mwili pamoja na za sauti kwa zaidi ya mwaka mmoja, huitwa mgonjwa wa Tourette, kwa jina la daktari Mfaransa, Georges Gilles de la Tourette, aliyeandika habari za ugonjwa huo mwaka wa 1885. Hauambukizi, wala hauletwi na malezi mabaya. Mara nyingi tiki huanza mtoto akiwa na miaka 5 hadi 7, huzidi sana kati ya miaka 10 na 12, kisha wengi hupata nafuu wakikaribia utu uzima.

Sasa hapa ndipo ninapotaka mnisikilize vizuri. Tiki hupanda na kushuka zenyewe. Wiki tatu mtoto anatikisika mpaka shingo inamwuma, wiki mbili zinazofuata hata huoni kitu. Je, mzazi hununua vidonge siku gani? Si siku mtoto ametulia. Hununua siku mambo yamemshinda, yaani tiki zikiwa juu kabisa. Baada ya hapo, hata ungempa maji ya mtungi, zingeshuka. Mama anaona nafuu, anamwambia jirani, naye jirani ananunua. Hakuna aliyesema uongo hapo.

Mimi mwenyewe nilinaswa hivyo hivyo, na nilikuwa muuguzi! Mjukuu wangu alianza kupepesa macho, nikamnunulia dawa ya maji ya vitamini. Kabla ya mwezi kwisha macho yakatulia. Nilijisifu kila mahali. Yalipoanza tena, chupa ilikuwa bado nusu, na kila asubuhi alikuwa akinywa kijiko chake.

Magnesiamu na vitamini B6 zimejaribiwa kwa watoto wenye tiki, lakini majaribio ni machache na madogo, na hayajatosha kuthibitisha kwamba zinasaidia. Kuhusu madini ya chuma, uchunguzi mwingine umeona kwamba baadhi ya watoto wenye tiki wana akiba ndogo ya chuma mwilini. Hiyo haina maana kwamba upungufu ndio ulioleta tiki. Lakini mtoto aliyepungukiwa na damu ni lazima atibiwe, awe na tiki au asiwe nazo. Kwa hiyo swali la kwanza si "ninunue mkebe gani?" Swali ni "mtoto wangu amepungukiwa na nini, na nani amempima?"

Mpeleke hospitali apimwe damu. Daktari atazame pia kama ni tiki kweli. Kijana akikodoa macho na kupotewa na fahamu, huenda ni kifafa. Na kama mikono ilianza ghafla kujitupa ovyo, vikombe vinamwanguka, na majuma yaliyotangulia alikuwa na maumivu ya koo, msingoje hata siku moja. Kuna ugonjwa unaofuata maambukizi ya koo ambao unaweza kuharibu moyo, na hautibiwi kwa vitamini.

Kuna wanaosema, "Vitamini haina madhara, ni kama chakula." Sivyo. Vidonge vya chuma tunavyopewa kliniki tukiwa wajawazito vinaweza kumwua mtoto mdogo akivimeza vingi, basi vifungieni. Vitamini B6 ikizidi kwa muda mrefu huharibu mishipa ya fahamu, mtu akafa ganzi miguu na mikono. Zinki ikizidi huuzuia mwili kupata madini ya shaba. Vitamini A ikizidi hudhuru ini, na watoto wa miezi 6 hadi miaka 5 tayari hupewa matone yake kila baada ya miezi sita kwenye zahanati.

Basi kama daktari amesema mtoto apewe, soma maandishi ya mkebe, au umpe kijana wa sekondari akusomee. Tazama miligramu. Wataalamu wa Marekani wameweka kikomo kwa mtoto wa miaka 4 hadi 8: zinki isizidi miligramu 12 kwa siku, chakula kikihesabiwa, na magnesiamu ya vidonge isizidi miligramu 110. Ile mikebe mitatu niliisoma. Miwili ilikuwa na zinki, na ukijumlisha, kijana angepita kikomo kabla hajala chakula cha mchana. Mkebe usioonyesha kiasi, rudisha. Ulioandikwa unaponya kila kitu, rudisha haraka zaidi. Na mweleze daktari kila kitu mtoto anachomeza, hata miti shamba.

Kwa shilingi elfu sita utanunua omena, ndengu, maharagwe na njugu za miezi. Magnesiamu imo kwenye mbegu za maboga, zile tunazowatupia kuku. Chuma kimo kwenye maini na nyama, na kidogo kwenye kunde na terere. Tangu mwaka wa 2012 sheria ya Kenya inataka unga wa mahindi na wa ngano unaouzwa kwenye pakiti uongezwe vitamini na madini, chuma na zinki zikiwemo. Unga tunaosaga wenyewe kwenye mashine ya kijijini kwa kawaida hauongezwi kitu, kwa hiyo mboga na maharagwe yasikose.

Tiba yenyewe ipo, na haiuzwi kwa mkebe. Mwaka wa 2019 chama cha madaktari wa mishipa ya fahamu cha Marekani kilishauri kwamba tiki zikimsumbua mtoto, aanze kwa mafunzo: anajifunza kutambua ile hamu inayotangulia tiki, halafu anafanya mwendo mwingine unaoizuia, kama kukaza shingo polepole badala ya kuitupa. Zisipomsumbua, anaweza kuangaliwa tu. Ulizeni hospitali ya kaunti kama kuna anayefundisha. Nyumbani, msimkemee wala msimwambie "acha!" kila mara, kwa maana wasiwasi huzizidisha, na kukosa usingizi pia.

Mtauliza ule mkopo uliishia wapi. Tulimpa mama elfu moja na mia tano za nauli na kipimo. Damu ilikuwa imepungua kweli, akapewa dawa ya chuma ya miezi mitatu. Tiki bado zipo, zinakuja na kwenda. Mwenyekiti wetu alikwenda naye kwa mwalimu mkuu, na sasa kijana anakaa karibu na mlango, anaruhusiwa kutoka kidogo akizidiwa, kisha anarudi. Hatolewi tena.

Naona chai inaletwa. Akina mama mlio na watoto hapa, wapeni chakula kwanza, chai ingoje saa moja, kwa sababu inazuia chuma cha mboga kuingia mwilini. Sasa niulizeni maswali.