Majira ya Kupanda Miti Isiyopukutika Nyumbani



Hapa Nanighi twapata mvua mara mbili: masika, yaani Aprili na Mei, na vuli, Oktoba hadi Desemba. Miche ya mswaki na mhina tuipande masika yaanzapo. Baada yake hufuata miezi isiyo na joto kali, mizizi ikapata kushuka; baada ya vuli huja jua la kaskazi, likaunguza mche mchanga. Tupande penye mwinuko, maana mto Tana ulifurika mwaka 2023 na tena 2024.

Mathenge tusiupande. Uliletwa Bura miaka ya 1980 kwa ajili ya kuni, nao umeziba malisho yetu. Si kila mti wa kijani ni mti mwema.