Mazungumuzo juu ya Samaki Anayepanda Muto



Mwezi huu jua ni kali na maji ya muto yamepunguka. Nyavu zimetundikwa juu ya miti, watu wanazishona, wanangojea mvua ya kwanza. Ndiyo sababu nimekuja leo, sikungoja mwezi ujao. Lakini nitaanza mbali kidogo, munivumilie.

Katika milima ya Ulaya kuna samaki anayeitwa truti. Ngozi yake ina madoa-madoa, na nyama yake ni nzuri sana. Truti hapendi maji ya moto. Maji ya baridi yanashika hewa nyingi ndani yake, maji ya moto yanashika kidogo. Na samaki anavuta hewa ile kwa mashavu yake, ingawa sisi hatuioni. Maji yakipita digrii 20, truti anaanza kuteswa, hata chakula anakiacha. Waingereza walimuleta Kenya mwaka 1905, akakaa vizuri katika mito ya Aberdare na ya mulima Kenya, kule juu penye baridi.

Watu wengi wanamuvua kwa ndobo isiyo na nyungunyungu. Wanafunga manyoya ya ndege na uzi juu ya ndobo ndogo mpaka inafanana na mududu. Mimi niliposikia mara ya kwanza nilicheka: samaki gani mpumbavu atakula unyoya? Basi, anakula. Mwezi wa nane na wa tisa, ambao kule Ulaya ni mwisho wa wakati wa jua, panzi wanaanguka majini kutoka majani ya kando, na muvuvi anatengeneza mududu wake kwa mufano wa panzi. Maji ni machache na safi, samaki anamwona mutu toka mbali. Kwa hiyo muvuvi anakuja alfajiri, maji yangali na baridi ya usiku, anatembea polepole na kuinama, kivuli chake kisianguke juu ya maji. Katika ziwa truti anashuka chini penye baridi, ao anakaa pale kijito cha mulima kinapoingia; mangaribi anapanda juu kutafuta wadudu.

Sasa sikieni neno lililonileta. Siku maji yanapopata moto sana, wavuvi wengi wa kule wanaacha ndobo nyumbani, hata kama wamekwisha kufunga safari. Kwa maana samaki aliyevutwa muda murefu katika maji yenye hewa kidogo anachoka kabisa, na hata akirudishwa majini anaweza kufa. Na wakati wa jua ukiisha, truti wa Ulaya anapanda vijito, jike anachimba changarawe kwa mukia wake na kutaga mayai, zaidi ya elfu moja kwa kila kilo ya uzito wake. Wakati ule katika inchi nyingi sheria inafunga uvuvi wake.

Mumekwisha kufahamu ninakokwenda. Sisi hatuna truti. Sisi tulikuwa na mpumbu.

Zamani mvua za kwanza zikinyesha, mpumbu alitoka katika ziwa Mweru akapanda Luapula kwa makundi makubwa, akitafuta majani yaliyofunikwa na maji apate kutaga. Alikuja tumbo limejaa mayai. Nyavu zilimungojea. Mayai yenyewe yalitafutwa sana. Samaki waliuzwa Kasenga kwa wafanya biashara, wengi wao Wagriki, wakapelekwa kwa motokari hata Elisabethville, ambayo leo ni Lubumbashi, kulisha wafanyakazi wa migodi ya shaba. Feza iliingia katika vijiji: baiskeli, vitambaa, nyumba za matofali. Sitasema uwongo kwamba faida ile haikuwa kitu. Lakini karibu na mwaka 1950 mpumbu alikwisha kukosekana, na wingi wake wa zamani haujarudi hata leo.

Hesabu ni nyepesi. Mutu akivua samaki mwezi wa sita, ameondoa samaki mumoja. Akimuvua jike mwezi wa kumi na mbili, tumbo limejaa, amekula pamoja naye samaki ambao mutoto wake angewavua.

Najua jibu lenu: tukiacha sisi, watu wa kijiji kingine watavua. Ni kweli, na hiyo ni taabu kubwa kuliko nyavu zenyewe. Mutu akiacha peke yake anapata hasara tu, na jirani anashiba. Kwa hiyo shauri hili ni la vijiji vyote vinavyokunywa muto mumoja. Wakubwa wakae pamoja kabla ya mvua, wataje midomo ya vijito ambayo haitafungwa nyavu, na wataje nani atalinda usiku. Kijiji kisichokuja kwenye shauri, kitumiwe mutu, si barua.

Na sasa hivi, maji yakiwa machache, samaki wamekusanyika katika vidimbwi, ni rahisi kuwamaliza kwa siku moja. Buba inaua wakubwa na wadogo pamoja. Chandarua cha mbu ni vilevile. Kimefanywa kwa kulalia watoto, na kikivutwa majini hakiachi hata kitoto cha samaki chenye urefu wa kucha.

Wamama wataniuliza mboga itatoka wapi mvua ikinyesha. Swali ni la haki. Penye kijito kisichokauka, bwawa la tilapia linaweza kuchimbwa. Anakula majani na mabaki ya jikoni. Lakini bwawa halichimbwi kwa siku mbili, na mwenye kutaka aniambie leo, tuende kupima mahali.

Mumeleta nyavu zenu kama nilivyoomba. Zifungueni hapa chini ya muti. Jicho ambalo vidole viwili haviingii, tuuweke wavu ule kando, tuzungumuze na mwenyewe.