HAKI YA JIRANI ALIYE CHINI YA MTO

Khutba ya Kwanza

Sifa zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu, aliyeisimamisha milima ikawa imara, akateremsha maji kwa kipimo, akayapa makazi ndani ya ardhi. Tunamhimidi, tunamwomba msaada na tunamtaka maghufira. Rehema na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad, na Ali zake na Sahaba zake, na kila aliyewafuata kwa wema mpaka siku ya malipo.

Ama baad. Enyi waja wa Mwenyezi Mungu, tunajiusia sisi wenyewe, na tunakuusieni nyinyi, kumcha Mwenyezi Mungu. Na ucha-Mungu hauishii mlangoni mwa msikiti. Mtu humcha Mola wake shambani akilima, sokoni akinunua, na jikoni akiwasha moto.

Ndugu zetu Waislamu mliohudhuria hapa, na nyinyi mnaotusikiliza majumbani, mama zetu na vijana wetu wanafunzi: leo tumependa kuzungumza juu ya haki ambayo wengi wetu hatuihesabu kuwa haki. Haki ya jirani wa nyumba kwa nyumba twaijua. Twajua kuwa si halali kumwaga taka mlangoni pake, wala kulala tumeshiba naye ana njaa. Lakini wako majirani wengine ambao baina yao upo mwendo wa siku nyingi kwa miguu. Hawajuani kwa sura wala kwa jina, na kinachowaunganisha ni mto. Mmoja yuko juu mlimani, na mwingine yuko chini bondeni. Atendalo wa juu humfikia wa chini, naye wa chini hana njia ya kulirudisha lilikotoka.

Sheria yetu haikuliacha jambo hili bila hukumu. Imepokewa kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, aliamua juu ya maji ya bonde la Mahzur karibu na Madina kuwa mwenye shamba la juu ayazuie maji mpaka yafike kwenye vifundo vya miguu, kisha ayaachie yamteremkie aliye chini yake. Tazameni uadilifu huo. Wa juu ametangulizwa kwa kuwa maji yanamfikia kwanza, lakini hakuachiwa afanye apendavyo. Kipimo chake kimewekwa, na zaidi ya hapo ni mali ya mwenzake. Basi na tukisie. Ikiwa mtu haruhusiwi kumzuilia jirani yake wa chini maji safi yanayozidi haja yake, itakuwaje halali kumpelekea matope na changarawe juu ya mpunga wake, kisha kumnyima maji wakati wa kiangazi? Na wanavyuoni wote wanaijua kaida kubwa ya dini yetu, kwamba hapana kudhuru wala kudhuriana.

Huenda mtu akauliza: Mimi ninakata mti katika shamba langu, je, huko bondeni inawahusu nini? Jawabu ni kutazama jinsi Mola wetu alivyoipanga kazi ya mlima.

Msitu ukiwa mahali pake, tone la mvua haliangukii udongo mtupu. Huangukia jani, kisha tawi, kisha majani makavu yaliyotandikwa chini kama mkeka, na linapofika udongoni limekwisha kupoteza nguvu zake. Udongo wa msituni umejaa mizizi na vitundu vya wadudu, nao hunywa maji mengi. Maji hayo hushuka taratibu ndani ya ardhi, na baada ya miezi hutokea yakiwa chemchemi. Ndiyo sababu mto uliozaliwa msituni hutiririka hata Agosti na Septemba, hali masika yamekwisha tangu Mei. Sura ya Al-Muuminuun, katika aya ya 18, yatukumbusha neema hiyo ya maji kutulizwa ardhini, na yatuonya kwamba aliyeyatuliza ni Muweza wa kuyaondoa.

Sasa mti ukiondolewa, na majani yakachomwa moto kabla ya kupanda, na jembe likalima mteremko kutoka juu kwenda chini, mvua huupiga udongo uchi. Vitundu vyake huziba. Maji hayazami tena, hutiririka juu juu na kuchukua udongo wenye rutuba, ambao haukuumbika kwa mwaka mmoja wala kwa miaka kumi. Hapo mkulima wa mlimani amekwisha pata hasara ya kwanza, maana shamba lake hukonda mwaka hadi mwaka. Hasara ya pili huteremka na mto. Mahali mto unapofika tambarare mwendo wake hupungua, nao hutua mzigo wake. Mchanga hujaa mtoni, kitanda chake huinuka, na mvua ambayo zamani ingepita kwa salama hufurika mashambani. Na kiangazi kinapoingia, chemchemi zisizojazwa wakati wa mvua hukauka mapema. Hivyo mkulima wa bondeni hudhulumika mara mbili katika mwaka mmoja: maji humjia kwa wingi asipoyahitaji, na humkimbia anapoyahitaji.

Tunasema haya kwa uadilifu, bila ya kutia chumvi. Mabonde yalifurika tangu zamani, na matope mepesi ya mafuriko yalikuwa ndiyo mbolea ya watu wa tambarare. Na ziko mvua kubwa mno, kama zile za El Niño za 1997 na 1998, au za 2023 na 2024, ambazo msitu wowote hauwezi kuzizuia zote. Lakini si sawa mto unaoleta tope la rutuba na mto unaoleta mchanga unaozika miche. Na mtu asiseme kila balaa ni kudura, kisha akaifumbia macho ile sehemu iliyotendwa na mkono wake. Katika Sura ya Ar-Ruum, aya ya 41, tumefundishwa kwamba uharibifu unaodhihiri bara na baharini una asili yake katika waliyoyachuma watu wenyewe, na kwamba huonjeshwa baadhi ya matendo yao ili wapate kurejea. Basi mlango wa kurejea uko wazi.

Na tutoe mfano wa karibu. Milima ya Uluguru, katika Mkoa wa Morogoro, inainuka kupita mita 2,600 juu ya usawa wa bahari. Huizuia mawingu yatokayo Bahari ya Hindi, na kutoka kwenye miteremko yake huzaliwa mito inayoukusanya mto Ruvu: Mgeta, Mvuha, Ngerengere na mingineyo. Ruvu hupita katika tambarare za wakulima wa mpunga na mahindi, ukaingia baharini karibu na Bagamoyo. Mitambo ya Ruvu Juu, iliyoanza 1959, na ya Ruvu Chini, iliyoanza 1976, ndiyo inayolinywesha jiji la Dar es Salaam kwa sehemu kubwa. Ndugu yetu uliyeko mjini, huenda maji uliyotawadhia leo yaliwahi kuwa ukungu juu ya mti wa Uluguru.

Msitu wa juu umebaki vileleni, na mwaka 2008 ukatangazwa kuwa Hifadhi ya Mazingira Asilia. Lakini chini yake miteremko mingi imekwisha kuwa mashamba, na mingine ni mikali hata mkulima hulima akiwa ameinama bila ya kuinama. Bwawa la Mindu, lililojengwa ili kuupa mji wa Morogoro maji, limekuwa likijazwa matope yaletwayo na mito iliyo juu yake. Na Oktoba 2022, mvua zilipochelewa, Ruvu ulipungua mno hata maji ya Dar es Salaam yakagawiwa kwa zamu. Mvua ni ya Mwenyezi Mungu, huileta atakapo. Lakini kuweka akiba ya mvua iliyokuja ni kazi tuliyopewa sisi, na ghala ya akiba hiyo ni msitu na udongo wa mlimani.

Je, tumlaumu Mluguru? Ndugu zetu, tuogopeni dhulma katika kulaumu pia. Yule mkulima ana watoto kama sisi, na shamba alilorithi limegawanywa mara nyingi. Kabichi na karoti zinazouzwa katika masoko ya Dar es Salaam nyingi zimetoka Mgeta, zimeteremshwa kwa vichwa na migongo ya watu. Mbao tunazoezekea zimetoka kwenye miti. Na jiji hilo ndilo soko kubwa la mkaa katika nchi nzima. Gunia hukatiwa miti huko vilimani na nyikani kwa sababu yuko mtu mjini anayelingoja. Anayenunua ana fungu lake katika jambo analolinunua.

Iko pia ibra katika historia ya milima hiyo. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 serikali ya kikoloni iliona udongo wa Uluguru ukiporomoka, ikawalazimisha watu kuchimba ngazi katika mashamba yao. Nia ya kuhifadhi udongo ilikuwa na maana, lakini kazi ilikuwa ya shuruti, na mahali pengi kuchimba huko kulifukua udongo wa chini usio na rutuba. Mwenye mzigo hakushauriwa. Mwaka 1955 watu wakainuka, damu ikamwagika, na mpango ukaachwa. Nusu karne baadaye, huko Kibungo Juu, ulijaribiwa mwendo mwingine: watumiaji wakubwa wa maji ya Ruvu walichangia fedha, na wakulima wa mlimani wakalipwa kwa kuchimba makinga-maji, kupanda miti na kuweka samadi. Tofauti ya njia hizo mbili ndiyo tofauti ya shuruti na shura.

Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, alitupigia mfano wa watu waliopanda jahazi moja, wengine wakapata sehemu ya juu na wengine ya chini. Wa chini walipotaka kutoboa upande wao ili wapate maji bila ya kuwasumbua wa juu, ilikuwa juu ya wenzao kuwazuia, ama sivyo wangezama wote. Wale hawakuwa na nia mbaya; walitaka maji tu. Na mwenye kukata mti mlimani naye huwa hana nia mbaya. Anataka shamba, au ada ya shule. Lakini tundu ni tundu, na bahari haiulizi nia ya aliyelitoboa. Kwa hiyo wenzake wamshike mkono, na kumshika mkono ni pamoja na kumpa njia nyingine ya kuyapata maji yake.

Ninasema maneno yangu haya, na ninamwomba Mwenyezi Mungu atughufirie sisi na nyinyi. Mwombeni maghufira, hakika Yeye ni Mwingi wa kusamehe.

Khutba ya Pili

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wake.

Enyi Waislamu, elimu isiyofuatwa na kitendo ni hoja juu ya mwenyewe. Kwa hiyo yatupasa tuondoke hapa kila mmoja akiwa na la kufanya.

Ewe mkulima wa mlimani, lima kwa kukingama mteremko, wala usilime kuufuata. Acha majani na mabua yaoze shambani. Usiyachome, kwani ndiyo blanketi ya udongo wako. Ukingo wa mto na mahali pa chemchemi pasiguswe na jembe. Wanavyuoni wetu waliipa kila kisima na kila mto harimu yake, eneo lisilovunjwa kwa faida ya mtu mmoja. Na ukikata mti kwa haja, panda mingine, nawe ukae ukijua kwamba ndege anayekula humo, na mnyama, na hata asiyekuomba, wanakuandikia sadaka.

Ewe mkaaji wa bondeni, usiukate msitu wa kando ya mto wako ukadai kuwa uharibifu wote umetoka juu. Nenda ukazungumze na jirani yako wa mlimani kabla ya mafuriko, maana mazungumzo ya baada ya mafuriko huwa ni magomvi.

Ewe mkaaji wa mjini, punguza mkaa kwa kadiri ya uwezo wako, ziba mfereji unaovuja, na usione kuwa ni hasara ukiambiwa uchangie kazi ya wale wanaoitunza chemchemi unayoinywa. Hayo ni malipo ya haki, si hisani. Na nyinyi wanafunzi wa vyuo na madrasa, anzisheni vitalu vya miche. Imepokewa kutoka kwa Mtume kwamba hata Kiyama kikimkuta mtu na mche mkononi, naye akaweza kuupanda, basi na aupande. Sembuse sisi ambao masika bado yanatujia.

Na katika mafundisho yaliyo sahihi imo habari kwamba watu wa Madina walipomlalamikia Mtume kuwa mvua imezidi na mali zinaharibika, hakuomba ikatike. Aliomba ielekezwe vilimani, na katika matumbo ya mabonde, na mahali paotapo miti. Basi na sisi tuombe kwa mfano wa dua hiyo, lakini tujiulize: ikiteremka huko vilimani, itaikuta miti?

Ewe Mola wetu, tupe mvua ya rehema wala usitupe mvua ya maangamizo. Izidishie rutuba ardhi yetu, na chemchemi zetu uzidumishe. Wahifadhi walio mlimani na walio bondeni, na utie upendo na uadilifu baina yao. Utusamehe tuliyoyaharibu, na utupe nguvu ya kuyatengeneza kabla hatujaulizwa. Utughufirie sisi na wazazi wetu, na Waislamu wanaume na wanawake, walio hai na waliokufa.

Enyi waja wa Mwenyezi Mungu, mkumbukeni Mola wenu naye atakukumbukeni, na mshukuruni kwa neema zake naye atakuzidishieni. Simamisheni sala.